Maonyesho Yametoka Kwenye Mtihani, Yasitoke Shuleni

Tangu mwaka 2025 wanafunzi wa sanaa za kuona katika programu ya diploma ya International Baccalaureate, mfumo wa elimu wa kimataifa unaojulikana zaidi kwa kifupi cha IB, wanasoma kwa mtaala mpya, na kundi la kwanza kutahiniwa kwa mtaala huo litakuwa la mwaka 2027. Mtaala uliotangulia ulikuwa na kipengele kilichoitwa maonyesho, nacho kilibeba asilimia 40 ya alama zote. Mwanafunzi wa ngazi ya kawaida alichagua kazi zake 4 hadi 7, wa ngazi ya juu 8 hadi 11, akazipanga mahali pa kuonwa, kisha akaandika maelezo ya kwa nini amechagua hizo na kuziweka vile: yasiyozidi maneno 400 kwa wa kawaida, 700 kwa wa juu. Katika mtaala mpya kipengele chenye jina hilo hakimo tena. Kazi zilizokamilika bado zinapimwa, uchunguzi na majaribio ya mwanafunzi bado yanapimwa, lakini hakuna tena alama inayoitwa ya maonyesho. Na tafsiri iliyoanza kupita kwenye vikao vya walimu na wazazi ni nyepesi: kama mtahini haulizi tena maonyesho, ukumbi wa sanaa wa shule umebaki wa nini? Ugeuzwe darasa, au chumba cha kompyuta, na picha zipelekwe kwenye tovuti.

Nadhani tafsiri hiyo imeshika mkia na kuuita kichwa. Ukumbi wa sanaa wa shule haukuwahi kuwa wa mtahini. Hata chini ya mtaala wa zamani, mtahini wa nje hakuingia ukumbini. Alipokea picha ya kila kazi, pamoja na picha zisizozidi mbili za mwonekano wa maonyesho yote, akazihakiki akiwa mbali alama zilizotolewa na mwalimu. Walioingia ni wanafunzi, wa darasa lile na wa madarasa mengine, na walimu wa hesabu, na wapishi, na wadogo wa darasa la kwanza waliopita wakielekea maktaba. Ninachokitetea hapa ni kwamba thamani ya ukumbi huu haiko katika kuwaonyesha wanafunzi waliofaulu. Iko katika kuwakabidhi wanafunzi mamlaka ya kuamua kitu gani kionwe na wenzao, pamoja na mzigo wa kuutetea uamuzi huo wakiulizwa. Hakuna sehemu nyingine ya maisha ya shule inayowapa mambo hayo mawili kwa pamoja. Alama zilikuwa zimelifunika jambo hili. Sasa zimeondoka, na shule inayofunga mlango leo inaufunga wakati ambapo ukumbi ungeweza kuwa wa wanafunzi kwa mara ya kwanza.

Historia inasaidia kuliona hili. Wazo kwamba mchoro wa mtoto ni kitu cha kutazamwa kwa heshima si la kale sana. Msanii na mwalimu Franz Cižek alipofungua darasa lake la watoto huko Vienna mwaka 1897, ufundishaji uliozoeleka ulikuwa wa kunakili: mwalimu anachora ubaoni, mwanafunzi anafuata, na anayefanana zaidi na mwalimu ndiye hodari. Kazi za namna hiyo hazina sababu ya kutundikwa, kwa kuwa zikiwa thelathini zote ni ileile. Maonyesho yalipata maana pale wanafunzi walipoanza kuruhusiwa kutofautiana. Mwalimu Marion Richardson, aliyefundisha katika shule ya wasichana ya Dudley, Uingereza, aliwasimulia wanafunzi wake mandhari kwa maneno, wao wakafumba macho waione akilini, ndipo wakachora. Mwaka 1917 Roger Fry, mchoraji na mhakiki wa sanaa, alikuwa ameandaa maonyesho ya michoro ya watoto katika karakana yake ya Omega, London. Richardson akamfikishia kazi za wasichana wake, na Fry akazionyesha pamoja na nyingine. Wasichana thelathini walikuwa wamesikia maneno mamoja na kuona mambo thelathini. Hilo ndilo lililostahili ukuta.

Barani Afrika simulizi inafanana, ingawa njia ni nyingine. Msanii Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Kampala mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake, na miaka miwili baadaye kazi za wanafunzi wa Makerere zilikuwa zimeonyeshwa London. Jengo la ukumbi wa sanaa wa Makerere lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, yaani maonyesho yalilitangulia jengo kwa takriban miaka thelathini. Huko Cyrene, shule ya misheni karibu na Bulawayo, Zimbabwe, Ned Paterson alilifanya somo la sanaa kuwa la lazima kwa kila mwanafunzi, awe na kipaji au asiwe nacho, na kuta za kanisa la shule zikachorwa na wanafunzi wenyewe. Nazitaja shule hizi mbili kwa sababu hoja ya kwanza ya wanaotaka ukumbi ufungwe huwa ya jengo, na hapa kuna watu walioanza bila jengo lolote la ukumbi.

Mfano ninaourudia zaidi, hata hivyo, ni wa New York. Mwaka 1937 mwalimu wa sanaa Victor D'Amico alianza kuongoza shughuli za elimu za Museum of Modern Art, makumbusho ya sanaa ya kisasa, na miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyoyafanya ni kuanzisha ukumbi wa vijana ambamo wanafunzi wa sekondari hawakuwa wageni wa kuongozwa kwa mstari. Walikaa kama waamuzi. Walichagua kazi, wakabishana juu yake, wakaamua mpangilio. D'Amico alikuwa ameelewa jambo ambalo shule nyingi hazijalielewa hadi leo: kwamba kuchora picha na kuamua picha ipi itundikwe ni kazi mbili tofauti, na ya pili hufundisha mambo ambayo ya kwanza haiyafikii. Hata viwango vya kitaifa vya elimu ya sanaa vya Marekani, vilivyotolewa mwaka 2014, vinaitenga kazi ya kuwasilisha na kuipa nafasi yake kando ya kuumba, kuitikia na kuhusianisha. Mtu anaweza kuwa hodari wa kuchora na asijue kabisa kwa nini picha yake inakufa ikiwekwa karibu na nyingine yenye rangi nyekundu.

Niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana wengi wanaoujadili ukumbi huu hawajawahi kushika nyundo ndani yake. Kundi la wanafunzi saba linaletewa kazi sitini. Ukuta unabeba ishirini. Kuanzia hapo kila kitu ni hoja. Je, wachukue zilizochorwa vizuri zaidi, au zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe? Ile sanamu ya udongo iliyopasuka ikichomwa tanurini, ufa wake ni kosa au ndio uzuri wake? Picha ya kijana anayejulikana shule nzima kwa utundu itundikwe karibu na mlango, au watu watasema ametundikwa yeye badala ya picha? Wakishaafikiana huanza vipimo. Kumbi nyingi za makumbusho huweka katikati ya picha kwenye kimo cha sentimita 145 hivi kutoka sakafuni, sawa na macho ya mtu mzima wa wastani. Lakini watazamaji wa shule wana miaka kumi na mmoja, na mmoja wao anatumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo wanafunzi wanalazimika kuamua kimo hicho kinamtumikia nani. Wanachukua pima maji, wanapiga msumari, wanarudi nyuma hatua sita, wanasema imepinda. Wanajifunza kwamba karatasi hufifia kwenye mwanga mkali, ndiyo maana makumbusho huishusha taa hadi kiasi cha laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga) juu ya michoro ya karatasi, na kwamba ile kona nzuri ya dirishani ndiyo mbaya kuliko zote.

Kisha huja lebo. Hapo ndipo nimeona wanafunzi wakihangaika kuliko mahali pengine popote. Lebo ina nafasi ya sentensi tatu, na sentensi tatu zinamtaka mwandishi ajue anasema nini. Akiandika "picha hii inaonyesha upendo" wenzake watamwuliza: wapi? Akieleza kila kitu, mtazamaji hana tena sababu ya kuinua macho. Akiandika juu ya kazi ya mwenzake, ni lazima aende kumwuliza huyo mwenzake, na mara nyingi anakuta kwamba alichodhani ni jua ni dirisha la hospitali. Niliwahi kukaa siku mbili na kundi la namna hiyo, na nusu ya siku ya pili ilikwenda kwenye neno moja, "labda", kama libaki kwenye lebo au litoke. Msichana mwenye kazi alitaka libaki. Kundi lilidhani linaonyesha woga. Lilibaki, kwa sababu aliweza kueleza kwamba hakuwa na hakika na alichokiona, na kwamba kutokuwa na hakika ndiko alikokuwa anachora. Sijui somo jingine la shule ambalo mwanafunzi angelitetea neno moja kwa saa tatu na kushinda.

Sasa tuzitazame hoja za upande wa pili, maana zipo na baadhi ni nzito. Nzito kuliko zote ni ya nafasi. Shule nyingi zina wanafunzi waliobanana madarasani, na kumwambia mwalimu mkuu aache chumba kizima kwa ajili ya picha ishirini ni kumwomba jambo ambalo dhamiri yake inaweza kulikataa kwa haki. Sina jibu la kuivunja hoja hii, wala sitaki kuivunja. Kama uchaguzi ni kati ya watoto arobaini kuwa na dawati na ukuta kuwa na picha, watoto wapate dawati. Lakini uchaguzi mara nyingi hausimami hivyo. Kinachofanya mahali pawe ukumbi wa sanaa ni mambo machache: ukuta uliotengwa usiobandikwa ratiba wala matangazo, mwanga wa kutosha, tarehe ya kufungua na ya kushusha, na watu wanaojulikana kuwa ndio wenye kauli. Ujia wa kwenda maktaba unaweza kuwa na vyote hivyo. Baraza ya Trowell ilivitosheleza. Anayesema hana chumba amesema kweli, ila hajasema kwamba hawezi kuwa na ukumbi.

Wapo wanaojibu kwamba, ikiwa ni suala la kuta, basi picha zisambazwe madarasani, kila mwalimu abandike za kwake. Hili linaonekana la busara mpaka usome uchunguzi wa Anna Fisher na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, uliochapishwa mwaka 2014. Waliwafundisha watoto wadogo wa chekechea katika chumba chenye kuta zilizojaa mapambo, na wakati mwingine katika chumba hichohicho kikiwa kitupu. Penye mapambo watoto walipotewa na umakini zaidi na wakajifunza kidogo zaidi. Uchunguzi ulihusu kundi dogo la watoto wa umri mmoja, na si haki kuutandaza juu ya wanafunzi wa miaka kumi na saba. Hata hivyo unaashiria jambo ambalo mwalimu yeyote wa sanaa analijua: picha iliyobandikwa mahali watu wanapotakiwa kutazama kitu kingine inakuwa kelele. Picha inahitaji mahali ambapo kuitazama ndiyo shughuli yenyewe.

Hoja ya mtandao nayo ina watetezi wengi, na sehemu yake ni ya kweli. Kazi iliyowekwa kwenye tovuti inafika kwa bibi aliye mbali, inabaki baada ya maonyesho kushushwa, haihitaji msumari, na mwanafunzi anaibeba mfukoni akienda kuomba nafasi chuoni. Yote hayo ni mema na ningependa kila shule iyafanye. Tatizo linaanza tovuti inapofanywa mbadala. Kwenye kioo cha simu, mchoro wa mkaa wenye upana wa mita mbili na mchoro wa kalamu ulio sawa na kiganja vina ukubwa mmoja. Sanamu haina mgongo. Kitambaa hakina uzito. Zaidi ya yote, jirani wa picha kwenye tovuti huamuliwa na programu au na mpangilio wa majina, wakati kazi kubwa ya wanafunzi ukumbini ni kuamua jirani huyo. Na mtazamaji wa mtandaoni yuko peke yake. Hakuna mtu aliyesimama kushoto kwake akisema mimi naona kitu kingine.

Watetezi wa tovuti huuliza pia: je, watu kweli hutazama picha ukutani? Jeffrey na Lisa Smith walipima muda huo katika Metropolitan Museum ya New York, na matokeo yao ya mwaka 2001 hayawapendezi wapenzi wa makumbusho: wastani ulikuwa sekunde 27 hivi kwa kazi moja, na nusu ya watazamaji hawakuzidi sekunde 17. Kama mbele ya kazi mashuhuri duniani mtu anakaa sekunde 17, mchoro wa kijana wa kidato cha pili utapata ngapi? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linaloutofautisha ukumbi wa shule na makumbusho yoyote. Mgeni wa makumbusho huja mara moja. Mwanafunzi hupita mbele ya picha ileile asubuhi, mchana na jioni, wiki sita mfululizo. Sekunde zake ni chache kila mara, lakini zinarudi. Na kurudi huko si kuzoea tu. Aaron Meskin na wenzake walichapisha mwaka 2013 jaribio ambalo wanafunzi wa chuo walionyeshwa mara kwa mara, bila kuambiwa sababu, picha za mchoraji Mmarekani Thomas Kinkade, ambazo watafiti walizihesabu kuwa dhaifu, pamoja na za John Everett Millais, mchoraji Mwingereza wa karne ya kumi na tisa. Kadiri za Kinkade zilivyorudiwa, ndivyo zilivyopungua kupendwa. Za Millais hazikupatwa na hali hiyo. Inaelekea kwamba jicho linalorudi huanza kutenganisha, hata pasipo mwalimu kusema neno. Kwenye simu picha husukumwa juu kwa kidole na haionekani tena; jicho halipati nafasi ya kubadili mawazo.

Hoja ninayoiheshimu sana inatoka kwa watu wanaowapenda watoto. Wanasema maonyesho huwagawa wanafunzi kuwa waliotundikwa na wasiotundikwa, na kwamba yule ambaye picha yake haikuchaguliwa anaondoka na somo moja, kwamba sanaa si yake. Ushahidi wao una nguvu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti kizuri wakichora. Wiki moja au mbili baadaye, watoto walioahidiwa cheti na kukipata walikuwa wakichora kwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao, walipoachiwa wachague shughuli wenyewe. Zawadi iliyotarajiwa ilikuwa imekula hamu. Mimi nakubaliana na wanaoisoma hivi: ukuta wa picha bora za muhula, wenye utepe wa dhahabu na jina la mshindi, ni cheti kilichobandikwa ukutani, na ningekuwa radhi uondolewe kesho.

Ila ninaposikia hoja hii ikitumiwa kuufunga ukumbi, naona imelenga kitu kingine. Inaupiga ukumbi unaotoa zawadi. Haiugusi ukumbi ambao kila mwanafunzi, ndani ya miaka yake ya shule, atakuwa zamu yake mchaguaji na zamu nyingine mchaguliwa. Aliyekaa upande wa kuchagua anajua kwamba picha nzuri inaweza kuachwa kwa sababu tu ni ya tatu yenye bahari, na akiachwa yeye mwakani hataona amehukumiwa. Inasaidia pia maonyesho yasiwe ya kazi bora. Yawe ya jambo: mikono, mlango, kitu nilichokiharibu nikakitengeneza, rasimu zote kumi na mbili za mchoro mmoja. Maonyesho ya rasimu nayaona ya thamani kuliko yote, kwa kuwa humwonyesha mtoto wa darasa la chini kwamba yule kaka anayesifiwa alikosea mara kumi na moja. Na mwanafunzi asiyetaka kazi yake ionwe aheshimiwe bila kuulizwa sana. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kuna kweli ndani yake, lakini kuna michoro inayochorwa ili mtu apumue, nayo haidaiwi na mtu.

Iliyobaki ndiyo hoja dhaifu, nayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi: kwamba ukumbi ni wa wachache watakaokuwa wasanii, na wengine wanapita tu. Wakati mwingine huvikwa methali, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana mwenye kipaji ataonekana hata bila ukumbi. Nianze na methali. Ni ya sokoni, ambako mnunuzi amekwisha jua anachokitafuta. Shuleni mtazamaji bado hajui chema ni kipi; anajifunza kukitambua, na hawezi kukitambua kikiwa kwenye kabati la mwalimu. Kisha watetezi wa hoja hii hupenda kutaja, na hata watetezi wa ukumbi huingia mtegoni humo, shule kama Phillips Academy ya Andover, Marekani, yenye ukumbi wa Addison tangu mwaka 1931, ambako Frank Stella na Carl Andre walisoma kabla ya kuwa majina makubwa ya sanaa ya karne ya ishirini. Ukiutetea ukumbi kwa Stella, umekubali kwamba usipozaa Stella umeshindwa. Mbele ya kuta zilezile wamepita maelfu waliokuwa baadaye mahakimu, wauguzi, wahandisi, wazazi. Kama ukumbi haukuwa na lolote kwao, basi kweli ulikuwa anasa.

Na kwamba una lolote kwao, tuna dalili nzuri. Makumbusho ya Crystal Bridges yalipofunguliwa Bentonville, Arkansas, mwezi Novemba 2011, shule nyingi ziliomba ziara kuliko nafasi zilizokuwapo, ikabidi ipigwe kura ya bahati nasibu. Jay Greene, Brian Kisida na Daniel Bowen waliitumia kura hiyo kulinganisha waliokwenda na waliokuwa bado hawajaitwa: wanafunzi 10,912 na walimu 489 kutoka shule 123. Hawakuwa watoto waliochaguliwa kwa kipaji. Waliokwenda waliandika uchambuzi makini zaidi wa picha ambayo hawakuwahi kuiona, walielewa zaidi maisha ya watu wa zamani, na walivumilia zaidi maoni yasiyo yao. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotoka vijijini na shule maskini. Ni kweli kwamba makumbusho yale si ukumbi wa shule, na sitaki kuyakopa matokeo yake bila kusema hivyo. Lakini kilichofanyika huko kilikuwa ziara ya nusu siku ambamo watoto walisimama mbele ya picha chache na kuzungumza juu ya wanachokiona. Kusimama, kutazama, kubishana kwa staha: hayo ukumbi wa shule unaweza kuyafanya kila wiki.

Kutokana na haya, swali la shule za IB, na la shule nyingine zinazotazama IB inafanya nini, linabadilika. Zamani mwalimu wa sanaa alikuwa na sababu ya haki ya kuushika ukumbi mwenyewe: alama za watoto zilikuwa hatarini, na kosa la mpangilio lingeweza kumgharimu mwanafunzi. Lebo zilisahihishwa mpaka zikafanana. Maonyesho yalifanywa mara moja kwa mwaka, ya darasa la mwisho peke yake, na miezi mingine yote ukumbi ukafungwa kwa kufuli. Sababu hiyo sasa haipo. Mwanafunzi wa darasa la pili anaweza kupewa ukuta. Wanafunzi wa biolojia wanaweza kuonyesha michoro ya majani waliyoichora maabara karibu na ile ya wenzao wa sanaa, na kubishana ni ipi iliyotazama vizuri zaidi. Maonyesho yanaweza kushindikana, yakashushwa, na wiki mbili baadaye wengine wakajaribu. Kushindikana kusikogharimu alama ni kitu adimu sana katika shule ya sekondari ya leo.

Kuna na suala la jina. Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyefungwa na Wanazi katika geto la Terezín, aliwafundisha watoto kuchora mle ndani kwa karatasi za kuokoteza, na aliwahimiza waandike majina yao kwenye michoro, mahali ambapo watu waligeuzwa namba. Kabla ya kupelekwa Auschwitz, alikouawa mwaka 1944, aliacha masanduku mawili yenye michoro kama 4,500. Leo imo katika Makumbusho ya Kiyahudi ya Prague, na kwa wengi wa watoto wale ndiyo karibu yote iliyobaki. Shule ya kawaida si Terezín, na sitaki kulinganisha. Ninachokichukua hapo ni kidogo: mwalimu yule alijua kwamba mchoro wenye jina ni ushahidi kwamba mtu fulani alikuwapo na aliona kitu. Kwa hiyo maonyesho yanaposhushwa, mchoro urudi kwa mwenyewe, maana ni wake. Shule ikitaka kubaki nao, imwombe kwa maandishi, ikubali akikataa, na ikikubaliwa iandike nyuma ya karatasi jina lake, mwaka, na maneno yake mwenyewe ya lebo, pamoja na ile "labda".

Katika shule inayofikiria sasa hivi kuugeuza ukumbi wake kuwa kitu kingine, ningeanza na jambo moja kabla ya kikao cha kuamua. Ufunguo upewe kundi la wanafunzi saba, wa madarasa tofauti, watatu kati yao wasiosoma sanaa kabisa. Wapewe kazi sitini, misumari, pima maji na wiki sita. Walimu waingie kama watazamaji. Siku ya kushusha, wanafunzi hao ndio waitwe kwenye kikao, waulizwe waliacha zipi na kwa nini, na kikao kiwasikilize mpaka wamalize.